UPIMAJI ARDHI: KUKAGUA UBORA WA KAZI KABLA YA KUIDHINISHWA

Katika mada zilizotangulia umejifunza kupima kwa mnyororo na tepu, kupima kwa dira ya prisma, kusoma pembe kwa theodolaiti na kutafuta vimo vya mahali. Mada hii inahusu hatua inayofuata: kazi imetoka uwandani, hesabu zimefanywa, ramani imechorwa, na sasa mtu mwingine anapaswa kuikagua kabla haijawekewa saini. Watahiniwa wengi huipitia sehemu hii harakaharaka kwa kudhani ni ya maelezo tu. Ukweli ni kwamba hapa ndipo mtahini anapoweza kuchanganya jiografia, hesabu na akili ya kawaida katika swali moja.

Kwanza tuone uzito wa jambo lenyewe. Tanzania Bara, kwa mujibu wa Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, ramani ya upimaji wa viwanja huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Ramani ikishaidhinishwa, vipimo vyake ndivyo vinavyoingia katika hatimiliki. Benki ikikopesha, inaangalia hati hiyo. Majirani wakigombana, baraza au mahakama inaangalia ramani hiyo. Kosa lililokuwa rahisi kurekebishwa siku moja kwa tepu na vigingi, baada ya idhini linakuwa shauri la miaka, na pengine ukuta wa mtu umeshajengwa juu yake. Kwa hiyo mkaguzi hajiulizi kama ramani inapendeza. Anajiuliza: kuna ushahidi gani kwamba vipimo hivi ni sahihi?

AINA ZA MAKOSA

Makosa ya upimaji ni ya aina tatu, nawe unapaswa kuzitofautisha vizuri, maana kila aina hukamatwa kwa njia yake.

Makosa ya uzembe ni yale ya kusoma 64 na kuandika 60, kusahau kuhesabu mnyororo mmoja mzima, au kusimamisha chombo juu ya kigingi kisichohusika. Mara nyingi huwa makubwa.

Makosa ya mfumo hujirudia kwa namna ileile kila unapopima. Mnyororo ambao pete zake zimefunguka huwa mrefu kuliko urefu ulioandikwa, na utakuwa mrefu hivyo asubuhi na jioni. Tepu ya chuma ya mita 30 hurefuka kwa takribani milimita 5 joto likipanda kwa nyuzi 15 za selsiasi. Hili ni dogo kwa kiwanja cha shule, lakini si dogo kwa mstari wa kilomita kadhaa.

Makosa ya nasibu ni zile tofauti ndogondogo za huku na huku zinazotokana na jicho, mkono na upepo. Hayaepukiki. Yanapunguzwa kwa kurudia kipimo na kuchukua wastani, kisha kinachobaki hugawanywa kwa utaratibu.

Zingatia hili tangu mwanzo: kinachoruhusiwa kugawanywa ni kosa la nasibu peke yake. Kosa la uzembe hutafutwa na kuondolewa. Kosa la mfumo hukokotolewa na kusahihishwa. Mpimaji anayegawanya kosa la uzembe katika pembe zote amelificha tu, na ameziharibu hata zile pembe zilizokuwa sahihi.

PANDE SAHIHI, KIWANJA KIBAYA

Mfano wa 1. Kiwanja ABCD kimekusudiwa kuwa mstatili wa mita 30 kwa 20. Mpimaji ameleta vipimo vya pande zake nne: AB mita 30, BC mita 20, CD mita 30 na DA mita 20. Ramani inaonyesha eneo la mita za mraba 600. Mkaguzi anakwenda uwandani na kupima mistari ya kona kwa kona: AC ni mita 38 na BD ni mita 34. Je, aipitishe kazi?

Jibu. Kama kiwanja ni mstatili wa kweli, kila mstari wa kona kwa kona ungekuwa √(30² + 20²) = √1300 = mita 36.06. Hapa mmoja umezidi na mwingine umepungua. Kwa hiyo kona si za nyuzi 90. Tumia kanuni ya kosaini katika pembetatu ABD:

34² = 30² + 20² − 2 × 30 × 20 × kosaini A
1156 = 1300 − 1200 × kosaini A
kosaini A = 144 ÷ 1200 = 0.12

Pembe A ni takribani nyuzi 83.1. Umbo ni msambamba, na eneo lake ni 30 × 20 × saini 83.1°, yaani karibu mita za mraba 595.7. Mwenye kiwanja amepungukiwa na mita za mraba 4.3. Lakini hilo siyo tatizo kubwa. Mstari wa nyuma wa kiwanja umesogea pembeni kwa 20 × 0.12 = mita 2.4. Kona C imeingia mita 2.4 katika kiwanja cha jirani, na upande wa pili, nyuma ya kiwanja, kumebaki kipande cha pembetatu kisicho na mwenyewe. Kazi isipitishwe.

Angalia tulichojifunza hapa. Pande zote nne zilipimwa sawasawa, hakuna aliyekosea kusoma tepu. Hata hivyo pande nne peke yake hazifungi umbo. Zinaweza kusukumwa zikalala kama fremu ya kitanda iliyolegea misumari. Ndiyo maana katika upimaji wa mnyororo tunagawa eneo katika pembetatu, kisha tunaongeza mstari wa uhakiki katika kila pembetatu. Mstari huo hauhitajiki kuchora ramani. Unahitajika ili ramani ipate kitu cha kuipinga. Mkaguzi akikuta daftari la uwandani halina hata mstari mmoja wa uhakiki, ana haki ya kulirudisha bila kuendelea kusoma.

DAFTARI LA UWANDANI

Kabla ya hesabu yoyote, mkaguzi hufungua daftari. Anataka kuona tarehe, majina ya waliopima, chombo kilichotumika na mchoro wa mkono wa eneo. Namba iliyokosewa inapaswa kukatwa kwa mstari mmoja ili bado isomeke, na ile sahihi iandikwe juu yake. Daftari lenye kufutwafutwa kwa raba linatia shaka, na daftari safi kupita kiasi nalo pia linatia shaka, kwa sababu huenda limenakiliwa nyumbani. Kunakili ni hatua nyingine ya kukosea.

Jambo jingine ni kulinganisha namba na chombo. Kama daftari linasema pembe zilipimwa kwa dira ya prisma, ambayo mistari yake huonyesha nusu nyuzi, halafu tunakuta pembe ya 112°20′, mkaguzi atauliza zile dakika 20 zilisomwa wapi. Chombo hakiwezi kutoa usahihi kisichokuwa nao.

UELEKEO WA MBELE NA WA NYUMA

Katika upimaji wa dira, kila mstari husomwa kutoka ncha zote mbili. Tofauti kati ya uelekeo wa mbele na wa nyuma inapaswa kuwa nyuzi 180. Isipokuwa hivyo, kwanza shuku chuma kilicho karibu: nguzo ya umeme, bati, mnyororo wenyewe, hata funguo mfukoni.

Mfano wa 2. Uelekeo wa AB ni 65°00′ na wa BA ni 245°00′. Uelekeo wa BC ni 140°30′ na wa CB ni 322°00′. Uelekeo wa CD uliosomwa ukiwa C ni 228°15′. Ni kituo gani kina mvuto wa chuma, na uelekeo sahihi wa CD ni upi?

Jibu. Kwa mstari AB, tofauti ni 245°00′ − 65°00′ = 180°00′. Hivyo tunavichukua vituo A na B kuwa havina mvuto. Kwa mstari BC, tofauti ni 322°00′ − 140°30′ = 181°30′. Kwa kuwa B ni kizima, tatizo liko C. Uelekeo wa CB ulipaswa kuwa 140°30′ + 180° = 320°30′, lakini umesomwa 322°00′. Dira ikiwa C inazidisha 1°30′. Toa kiasi hicho katika kila uelekeo uliosomwa ukiwa C: CD = 228°15′ − 1°30′ = 226°45′.

Usisahihishe uelekeo wa BC. Ulisomwa ukiwa B, na B haina tatizo. Hapa ndipo alama hupotea.

PEMBE NA KOSA LA KUFUNGA

Upimaji unaoanza kwenye kituo kimoja, ukazunguka eneo na kurudi palepale, una zawadi ndani yake: jumla ya pembe za ndani inajulikana hata kabla hujatoka ofisini. Kwa umbo lenye pande n, jumla ni (2n − 4) × 90°.

Mfano wa 3. Pembe za ndani za eneo lenye pande 5 zilisomwa hivi: 112°20′, 98°40′, 121°10′, 95°30′ na 112°15′. Chombo ni theodolaiti inayosoma hadi dakika 1. Kosa linaloruhusiwa ni 1′ × √n. Je, pembe zisahihishwe?

Jibu. Jumla inayotakiwa ni (10 − 4) × 90° = 540°00′. Jumla iliyopatikana ni 539°55′. Kosa ni dakika 5 pungufu.

Mtahiniwa mwenye haraka ataona dakika 5, pembe 5, ataongeza dakika 1 kwa kila pembe na kufunga swali. Hesabu inavutia, lakini jibu si hilo. Kosa linaloruhusiwa ni 1′ × √5, yaani takribani dakika 2.2. Dakika 5 zimezidi mara mbili ya kiwango hicho. Kazi irudishwe uwandani, pembe zisomwe upya. Lau kosa lingekuwa dakika 2, hapo tungegawanya.

Kwa hiyo mpangilio wa kufuata ni: tafuta kosa, linganisha na kiwango kilichotolewa, kisha ndipo uamue. Usigawanye kwanza.

Kwa urefu tunafanya hivyohivyo. Tukikokotoa mwendo wa kila mstari kuelekea mashariki au magharibi, na kaskazini au kusini, jumla zote mbili zinapaswa kuwa sifuri pale mzunguko unapofunga. Tuseme zimebaki mita 0.06 upande wa mashariki na mita 0.08 upande wa kusini. Kosa la kufunga ni √(0.06² + 0.08²) = mita 0.10. Ikiwa mzunguko wote ni mita 520, uwiano wa kosa ni 0.10 ÷ 520, yaani 1:5200. Kama swali limetaka usahihi wa 1:3000, kazi imepita. Kama limetaka 1:10000, haikupita. Namba ni ileile. Kinachobadilika ni matumizi ya ramani. Shamba la mkonge na kiwanja cha katikati ya mji havidai usahihi mmoja.

VIMO: HESABU INAPOKUBALI KITU KIBAYA

Sehemu hii isome polepole.

Mfano wa 4. Jedwali lifuatalo linaonyesha usomaji wa stafu, yaani ile rula ndefu iliyosimamishwa wima, kwa mita. Kimo cha A ni mita 100.000.

| Kituo | Usomaji wa nyuma | Usomaji wa kati | Usomaji wa mbele | Mpando | Mshuko | Kimo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| A | 1.485 | | | | | 100.000 |
| B | | 1.120 | | 0.365 | | 100.365 |
| C | | 1.760 | | | 0.640 | 99.725 |
| D | 2.010 | | 0.935 | 0.825 | | 100.550 |
| E | | 1.345 | | 0.665 | | 101.215 |
| F | | | 1.690 | | 0.345 | 100.870 |
| Jumla | 3.495 | | 2.625 | 1.855 | 0.985 | |

Uhakiki wa hesabu:
Jumla ya usomaji wa nyuma toa jumla ya usomaji wa mbele: 3.495 − 2.625 = 0.870
Jumla ya mipando toa jumla ya mishuko: 1.855 − 0.985 = 0.870
Kimo cha mwisho toa kimo cha kwanza: 100.870 − 100.000 = 0.870

Namba tatu zimelingana. Vitabu vingi huishia hapo, na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba vimo ni sahihi. Sasa jaribu hivi: chukulia kwamba pale C msomaji alipindua tarakimu, akaandika 1.670 badala ya 1.760. Mshuko wa C unakuwa 0.550 na mpando wa D unakuwa 0.735. Jumla ya mipando ni 1.765, ya mishuko ni 0.895, na tofauti yake ni 0.870. Namba tatu zinalingana tena! Lakini kimo cha C sasa kinasomeka 99.815 badala ya 99.725, kosa la sentimita 9. Kama C ndipo mtaro wa maji ya mvua unapopita, sentimita 9 zinatosha kuyarudisha maji mlangoni kwa mtu.

Sababu ni nyepesi ukiifikiria. Usomaji wa kati hauingii katika jumla ya nyuma wala ya mbele, na katika mpando na mshuko unaingia mara mbili, mara moja kwa kutoa na mara moja kwa kujumlisha, ukajifuta wenyewe. Uhakiki wa hesabu hukagua hesabu tu. Haujui chochote kuhusu kilichosomwa uwandani.

Je, kuna uhakiki ulio imara zaidi? Upo: kumalizia kwenye alama ya kimo inayojulikana. Tuseme F ni alama ya zamani ambayo kimo chake kimeshathibitishwa kuwa 100.882. Sisi tumepata 100.870. Kosa la kufunga ni mita 0.012, yaani milimita 12. Swali linasema kosa linaloruhusiwa ni milimita 12√K, ambapo K ni umbali kwa kilomita, na umbali uliopimwa ni kilomita 0.25. Kiwango ni 12 × √0.25 = 12 × 0.5 = milimita 6. Kosa limezidi. Kazi ambayo hesabu yake ililingana sehemu tatu haikubaliki, irudiwe.

Na hata kufunga kwenye alama ya kimo hakukamati kosa la usomaji wa kati kama lile la C, maana kimo cha F hakikuguswa nalo. Kwa sehemu muhimu kama C, dawa ni kuifanya iwe kituo cha kugeuzia, ili isomwe mbele na nyuma, au kuisoma upya chombo kikiwa mahali pengine.

YALE AMBAYO KUFUNGA HAKUONYESHI

Mfano wa 5. Eneo lilipimwa kwa tepu ya mita 30. Baadaye tepu ikalinganishwa na kipimo cha uhakika, ikaonekana urefu wake halisi ni mita 30.06. Mstari mmoja uliandikwa mita 1000 na kiwanja kimoja mita za mraba 600. Tafuta vipimo vya kweli.

Jibu. Urefu wa kweli = urefu ulioandikwa × (urefu halisi wa tepu ÷ urefu ulioandikwa kwenye tepu).
Mstari: 1000 × 30.06 ÷ 30 = mita 1002.
Eneo: uwiano huwekwa katika kipeo cha pili. 600 × (30.06 ÷ 30)² = 600 × 1.004004 = mita za mraba 602.4.

Kwa kiwanja kimoja tofauti ni ndogo. Lakini mtaa mzima uliopimwa kwa tepu hiyo umetanuka mita 2 kwa kila kilomita, na siku utakapokutana na mtaa uliopimwa kwa tepu nzima, barabara ya katikati itasongwa.

Sasa swali la kukupima akili: je, kosa hili lingeonekana kwenye kosa la kufunga? Hapana. Pande zote zimebadilika kwa uwiano mmoja, pembe zimebaki zilezile, umbo limekuwa jingine linalofanana nalo kwa sura. Linafunga barabara. Vilevile, kama pande mbili zilizo sambamba na zinazolingana katika mzunguko zimeandikwa pungufu kwa mita moja kila moja, mzunguko utafunga bila kuonyesha chochote.

Hali hiyo inaonekana pia katika majiranukta yanayopatikana kwa vipokezi vya satelaiti. Ramani nyingi za Tanzania zilitengenezwa katika mfumo wa rejea uitwao Arc 1960, wakati vipokezi vya satelaiti kwa kawaida hutoa majiranukta ya mfumo wa WGS 84. Sehemu ileile ya ardhi ikiandikwa katika mifumo hiyo miwili, namba zake hutofautiana kwa zaidi ya mita 200. Mpimaji akichanganya mifumo, kiwanja chake kitakuwa na pande sahihi, pembe sahihi na eneo sahihi, ila kwenye ramani kitaonekana kimekaa juu ya mtaa mwingine.

Ndiyo maana mkaguzi mzuri hatosheki na uhakiki wa ndani ya kazi. Anataka kazi ifungwe kwenye kitu cha nje ambacho mpimaji hakukitengeneza mwenyewe: mawe ya upimaji ya zamani yenye majiranukta yanayojulikana, alama ya kimo, au mpaka wa kiwanja cha jirani ambacho ramani yake imeshaidhinishwa. Na anataka alama mbili au zaidi. Alama moja inaweza kuwa imeng'olewa na greda na kurudishwa na mtu mwema asiyejua kazi yake.

RAMANI YENYEWE

Hapa pasikuchukue muda mwingi. Ramani iwe na kichwa, skeli, mwelekeo wa kaskazini, ufunguo, tarehe, jina la mpimaji na mfumo wa rejea. Namba za viwanja zisijirudie. Jumla ya maeneo ya viwanja, barabara na maeneo ya wazi ilingane na eneo zima. Mawe yanayoonyeshwa kwenye ramani yawepo kweli ardhini. Mkaguzi huchagua machache bila kumwambia mpimaji na kwenda kuyatafuta. Kumbuka pia mipaka ya mchoro. Jicho na kalamu haviwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya milimita 0.25 hivi. Kwa skeli ya 1:1000 hiyo ni mita 0.25 ardhini. Tofauti ndogo kuliko hiyo haionekani kwenye ramani, hutafutwa kwenye hesabu.

ANGALIZO KWA MTAHINIWA

Swali likisema "kagua" au "shauri kama kazi iidhinishwe", usiishie kwenye namba. Andika uamuzi: ipite, isahihishwe au irudiwe. Kisha taja sababu kwa kulinganisha na kiwango. Ukipata kosa bila kutoa uamuzi umefanya nusu ya kazi.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Katika pembetatu ABC, daftari linaonyesha AB = mita 80, BC = mita 60 na CA = mita 100. D ni katikati ya CA. Mstari wa uhakiki BD ulipimwa uwandani ukawa mita 52.4. Ramani ni ya skeli ya 1:1000.
(a) Kwenye ramani iliyochorwa kwa vipimo hivyo, BD itakuwa milimita ngapi?
(b) Je, tofauti iliyopo inaweza kuwa ya uchoraji tu?
(c) Msaidizi anakumbuka kwamba huenda BC ilisomwa mita 64. Thibitisha.

2. Mstari uliandikwa mita 420 na shamba hekta 1.5 kwa tepu ya mita 30 ambayo urefu wake halisi ni mita 29.94. Tafuta urefu na eneo la kweli.

3. Uelekeo wa PQ ni 48°00′, QP 228°00′, QR 131°30′, RQ 310°15′, na RS uliosomwa ukiwa R ni 205°00′. Sahihisha RS.

4. Mkaguzi amekataa daftari la vimo ambalo uhakiki wake wa hesabu umelingana kote. Mpimaji analalamika kwamba ameonewa. Toa sababu mbili zinazoweza kumtetea mkaguzi.

MAJIBU

1. (a) Pande 60, 80 na 100 zinatoa pembe mraba pale B, hivyo BD ni nusu ya CA, yaani mita 50. Kwenye ramani ni milimita 50.
(b) Hapana. Tofauti ni mita 2.4, sawa na milimita 2.4 kwenye ramani, karibu mara kumi ya kile ambacho uchoraji unaweza kuficha. Ni kosa la uzembe.
(c) BD² = (2 × 80² + 2 × 64² − 100²) ÷ 4 = (12800 + 8192 − 10000) ÷ 4 = 2748. BD = mita 52.4. Inalingana na kipimo cha uwandani. Hata hivyo BC ipimwe tena. Kumbukumbu ya msaidizi haiingizwi katika daftari kama kipimo.

2. Urefu: 420 × 29.94 ÷ 30 = mita 419.16. Eneo: 15000 × (0.998)² = mita za mraba 14940, yaani hekta 1.494.

3. P na Q havina mvuto. RQ ilipaswa kuwa 311°30′. Imesomwa 310°15′, pungufu kwa 1°15′. RS = 205°00′ + 1°15′ = 206°15′.

4. Kwanza, uhakiki wa hesabu hauonyeshi kosa la kusoma stafu, hasa katika usomaji wa kati, ambao hujifuta katika jumla. Pili, kazi inaweza kuwa haikufungwa kwenye alama ya kimo inayojulikana, au ilifungwa na kosa likazidi kiwango kilichoruhusiwa.